Mlima Nyiragongo na Mwendo wa Ardhi chini ya Mji wa Goma

Jioni ya tarehe 22 Mei, 2021, ubavu wa mlima Nyiragongo, ulioko mashariki ya Kongo karibu na mpaka wa Rwanda, ulipasuka, na zaha iliyokuwa ikitokota katika shimo la kileleni ikashuka kuelekea mji wa Goma. Kabla ya mapambazuko mtiririko ulikuwa umekwisha koma. Maelfu ya nyumba ziliteketea kaskazini ya mji, na watu wapatao 30 walifariki, wengine kwa moto na hewa yenye sumu, wengine katika ajali za magari walipokuwa wakikimbia.

Msiba huo haukuwa wa kwanza, maana mlima uo huo ulitoa zaha mwaka 1977 na tena mwaka 2002. Lakini safari hii wachunguzi wa ardhi waliona jambo lililowashangaza. Vyombo vilivyowekwa kuuzunguka mlima, ambavyo kazi yake ni kutambua ardhi inavyotuna na kutetemeka kabla ya zaha kutoka, havikuonyesha dalili ya maana ila muda mfupi, usiotimia saa moja, kabla ya moto kuonekana. Tena moto ulipokwisha zimika, ndipo ardhi ilipoanza kusogea chini ya mji wenyewe, ikaendelea hivyo kwa siku kadhaa. Yaani kilichotazamiwa kutangulia kilikuja nyuma. Jambo hilo linastahili kuelezwa kwa marefu, kwa sababu linagusa elimu ya ardhi na usalama wa mamia ya maelfu ya watu ambao wengi wao lugha yao ya kila siku ni Kiswahili. Na, kama itakavyoonekana, linagusa pia maneno ambayo Kiswahili kinatumia kuutaja mlima wa namna hii.

Nyiragongo una urefu wa mita 3,470 juu ya usawa wa bahari. Ni mmoja wa milima minane ya Virunga, na pamoja na jirani yake Nyamulagira ndiyo miwili iliyo hai leo. Kutoka kileleni hadi katikati ya Goma na ufuko wa Ziwa Kivu hakuna hata kilomita 20. Mlima umesimama katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa, mahali ambapo bara la Afrika linaachana polepole, kwa kiasi cha milimita 2 au 3 kwa mwaka. Mwendo huo ni mdogo kuliko ukuaji wa ukucha wa mwanadamu, lakini haukomi, na kila karne huacha ardhi ya hapo ikiwa imevutika zaidi na kuwa tayari kupasuka.

Kinachoupambanua Nyiragongo na milima mingine mingi ya moto ni ziwa la zaha. Ndani ya shimo la kilele chake, kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 na tena baada ya mwaka 2002, kumekuwa na dimbwi kubwa la mawe yaliyoyeyuka, likipanda na kushuka, likitoa mwanga ambao usiku huonekana kutoka Goma kama wekundu mawinguni. Zaha yake ina upungufu mkubwa wa silika, madini yale ambayo huifanya zaha ya milima mingine kuwa nzito kama uji wa mtama. Hii ya Nyiragongo ni nyepesi, hukimbia kama mafuta. Tarehe 10 Januari, 1977, mlima ulipopasuka ubavuni, dimbwi lote lilimwagika kwa muda usiozidi saa moja, na watu waliokuwa kwenye miteremko ya juu hawakupata hata nafasi ya kugeuka. Idadi ya waliokufa haikuwahi kuafikiwa: wako waliohesabu makumi, na wako waliotaja mamia.

Sasa yafaa kueleza jinsi ardhi inavyopimwa. Magma, yaani mawe yaliyoyeyuka kabla hayajatoka nje, hukusanyika katika vyumba vilivyo chini ya mlima. Chumba kikijaa, shinikizo huongezeka, na mlima hutuna kama unga uliotiwa hamira. Kutuna huko ni kudogo mno, pengine sentimita chache tu katika eneo la kilomita nyingi, hata mkulima aliyezaliwa pale hatambui chochote. Zaha ikitoka, mlima hunywea. Kwa hiyo mwenye kuweza kupima kutuna na kunywea anaweza, kwa milima mingi, kujua kwamba kitu kinapanda kutoka chini kabla hakijatokeza.

Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa vipima mwinamo, vyombo vyenye kuonyesha mteremko wa ardhi unapobadilika hata kwa kiasi kidogo sana, na vyombo hivyo bado vinatumika. Juu ya hivyo vimeongezwa vipokezi vinavyosimikwa juu ya mwamba, ambavyo husikiliza setilaiti mchana na usiku na kuandika mahali vilipo kwa usahihi wa milimita. Ubora wake ni kwamba havilali. Kasoro yake ni kwamba kila kimoja kinajua habari za pale kilipo tu. Kilomita moja kando ardhi yaweza kuzama bila ya chenyewe kuwa na habari.

Kasoro hiyo huondolewa na rada iliyoko katika setilaiti. Setilaiti za Sentinel-1, mali ya Shirika la Anga la Ulaya, huzunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 700 hivi, zikituma mawimbi chini na kuyapokea yanaporudi. Zipitapo mara ya pili juu ya mahali pale pale, picha ya kwanza na ya pili hulinganishwa, si kwa rangi wala umbo, bali kwa hatua ya wimbi lilivyorudi. Urefu wa wimbi ni sentimita 5.6. Ikiwa ardhi imeikaribia setilaiti au kujitenga nayo kwa nusu ya urefu huo, yaani sentimita 2.8, picha ya ulinganisho hutoa mzunguko mmoja kamili wa rangi. Mchunguzi basi huhesabu mizunguko kama mtu ahesabuvyo pete katika gogo lililokatwa, na katika mezani yake ya mbali anajua kwamba kiwanja fulani cha Goma kimeshuka au kimepanda kwa kiasi gani. Msitu mnene huiharibu hesabu hiyo, kwa sababu majani hayakai mahali pamoja kati ya picha na picha. Bahati njema, mji wa mawe na uwanda wa zaha iliyoganda huonekana vizuri. Lakini setilaiti hupita kwa siku zake. Mambo yatokeayo kati ya kupita mara mbili huionekania kama jambo moja, na hapo ndipo vipokezi vya ardhini na vipima tetemeko huhitajika ili kuyapanga kwa saa na dakika.

Picha za rada zinapochukuliwa juu ya Goma wakati wa misukosuko ya mlima hazionyeshi duara la mlima unaotuna. Huonyesha umbo jingine, na umbo hilo ndilo kiini cha maelezo haya. Mpasua kuni achukuapo kabari na kuigonga kwenye gogo, pande mbili za gogo husukumwa mbali, na ufa hutangulia mbele ya kabari. Magma nayo hufanya vivyo hivyo. Katika ardhi inayovutika, si lazima ipande moja kwa moja juu. Huweza kujipenyeza kwa ubavu, ikiwa bapa jembamba lililosimama wima, pengine lenye upana wa mita chache tu na urefu wa makumi ya kilomita. Bapa hilo laweza kuitwa kabari ya magma. Juu yake, kwenye uso wa nchi, pande mbili huinuka kidogo na kuachana, na ukanda wa katikati, ulio juu ya ncha ya kabari, hudidimia kwa kuwa umevutwa kutoka pande zote mbili. Kandokando ya ukanda huo nyufa hujitokeza, zikikata barabara, kuta za nyumba na sakafu za makanisa bila kuchagua. Rada ikitoa mistari miwili ya rangi inayoinuka na bonde katikati yake, mchunguzi hana haja ya kuuliza zaidi.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2002. Asubuhi ya tarehe 17 Januari nyufa zilifunguka kwenye ubavu wa kusini, zikateremka kama mfuo wa jembe mpaka pembezoni mwa mji. Zaha ikapita katikati ya Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia ziwani. Watu zaidi ya mia moja walikufa, wakiwamo wale walioungua kituo cha mafuta kilipolipuka siku chache baadaye, na wapatao 120,000 walikosa makao. Mamia ya maelfu walivuka mpaka kwenda Gisenyi. Katika miezi iliyotangulia vipima tetemeko vichache vilivyokuwapo vilikwisha onyesha kwamba ardhi haijatulia, na wachunguzi wa Goma walikuwa wametoa hadhari. Baada ya zaha kuganda, ufuko wa ziwa ulionekana umeshuka kwa makumi ya sentimita. Wataalamu walipozitengeneza picha za rada za siku zile, hesabu zao zilitoa kabari mbili: moja ya juu, chini ya nyufa zenyewe, na nyingine ya chini zaidi, yenye urefu wa kilomita 40 hivi, iliyolala kilomita 3 chini ya mji. Hivyo wakazi waliorudi kujenga juu ya mawe yenye joto bado hawakujua kwamba kilichotokeza mbele ya macho yao kilikuwa sehemu ndogo ya kilichopita chini ya miguu yao.

Mwaka 2021 mambo yalipinduka. Kwanza zaha ilitoka kwa muda wa saa sita hivi, ikasimama karibu na viunga vya mji kabla ya kuufikia uwanja wa ndege. Kisha, hali watu wakiwa wameanza kuamini kwamba balaa limepita, matetemeko yakaanza, mamia kwa mamia, yakihama siku hata siku kuelekea kusini. Makubwa yake yalifika kipimo cha 5 hivi. Majengo yakabomoka Goma na Gisenyi, nyufa zikaonekana katika barabara za lami. Kabari ya magma ilikuwa ikienda chini ya miji hiyo miwili na kuingia chini ya ziwa, urefu wake kilomita 25, na ncha yake ya juu haikufika kina cha mita 500. Mita 500 ni mwendo ambao mtoto wa shule huutembea kwa dakika chache. Haikutokeza. Ilisimama, ikapoa humo humo.

Swali lililobaki ni kwa nini hakukuwa na dalili kabla. Magazeti ya wakati ule yalitaja sana uhaba wa fedha uliokipata kituo cha uchunguzi wa volkeno cha Goma, kilichoanzishwa mwaka 1986, baada ya msaada wa nje kukoma mwaka 2020. Uhaba huo ulikuwapo, wala haufai kudharauliwa. Walakini si jibu kamili, kwa maana vituo vilivyokuwa vikifanya kazi viliandika kumbukumbu zake, na kumbukumbu hizo zilipochunguzwa kwa utulivu hazikutoa alama ya kutuna. Maelezo yaliyotolewa mwaka 2022 na kundi la wachunguzi wa nchi mbalimbali yanapendeza akili zaidi. Mlima wenye mdomo uliofungwa ni kama sufuria yenye kifuniko: mvuke ukizidi, kifuniko huinuka, na mwenye kutazama huona. Nyiragongo hauna kifuniko. Magma yake tayari iko juu, kileleni, nayo hupumua hewani miaka nenda miaka rudi, kwa hiyo shinikizo halijikusanyi kwa namna ya kuonekana. Kilichoshindwa mwaka 2021, kwa maelezo hayo, ni ukuta wa mlima. Mawe ya ubavuni, yaliyochoshwa na joto na uzito wa dimbwi, yaliachia; dimbwi likavuja; na kule kuachia kukaifungulia njia magma ya chini ikimbie kwa ubavu kuelekea ziwani. Mtungi uliopasuka hautoi taarifa kama chungu kinachochemka.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia, na wasomi wa lugha hawana budi kulitazama jambo hili kwa makini. Katika habari za Kiswahili, za redio na za magazeti, kila tukio la mlima wa moto huitwa mlipuko. Neno hilo lina mshindo ndani yake; bomu hulipuka, baruti hulipuka, na hata hasira ya mtu ikilipuka husikika. Lakini mwaka 1977, 2002 na 2021 Nyiragongo haukuwaletea watu wa Goma mlipuko. Ulipasuka na kuvuja. Msikilizaji aliyeambiwa ajihadhari na mlipuko hungoja ngurumo na kutazama kilele, hali zaha yaweza kutokeza kimya kimya katika ufa ulio nyuma ya nyumba yake, mbali na kilele kwa kilomita nyingi. Vitenzi vya kulieleza jambo hilo Kiswahili kinavyo tele: kupasuka, kuvuja, kububujika, kumwagika, kufoka. Kilichokosekana ni mazoea ya kuvitenganisha, na mazoea hayo yangekuwa na faida kuliko istilahi mpya kumi.

Tofauti hiyo si ya kubuni. Julai 2007, kaskazini mwa Tanzania, matetemeko mengi yalitikisa eneo la mlima Gelai, kubwa lao likiwa la kipimo cha 5.9 tarehe 17 Julai, likasikika mpaka Nairobi. Rada ilionyesha umbo lile lile la kabari: pande mbili zimeinuka, katikati pamedidimia, wala zaha haikutoka. Majuma machache baadaye, mwezi wa Septemba, jirani yake Ol Doinyo Lengai, ambao kwa miaka mingi ulikuwa ukitiririsha zaha nyeusi ya ajabu yenye magadi, ulibadili tabia na kurusha majivu juu angani. Huo ulikuwa mlipuko kwa maana halisi ya neno. Gelai ulipasuka bila kutoa kitu, Lengai ulilipuka, Nyiragongo ulivuja. Na kila kimoja cha vitendo hivyo kinamtaka mtu akimbie kwa namna yake, au asikimbie kabisa.

Kwa upande mwingine, Kiswahili cha Kivu kimeipa elimu ya dunia neno lisilokuwa na badala. Katika mabonde madogo baina ya Goma na Sake, hewa ya kaboni hutoka ardhini, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hujilaza chini kama maji yasiyoonekana. Mbuzi huingia kula majani, hawatoki. Mtoto hufuata mbuzi. Wenyeji huziita sehemu hizo mazuku, na maana inayotolewa ni upepo mbaya. Wachunguzi wa nchi za nje walilichukua neno lilivyo, nalo sasa laandikwa katika majarida yao bila kutafsiriwa. Mwanaisimu ataona mara moja linavyokaribiana na mzuka na kuzuka, ingawa kufanana kwa sauti peke yake si hati ya nasaba, na lugha jirani za Kivu hazina budi kuulizwa kwanza. Sifa ya neno hili ni kwamba walilifanya watu wenye kuishi na hatari yenyewe, wakataja kitendo chake kwa usahihi: upepo uuao usiovuma.

Hewa iyo hiyo ndiyo iliyowafadhaisha wenye kuamua mwezi wa Mei 2021. Vilindi vya Ziwa Kivu vimeyeyusha ndani yake kilomita za ujazo zipatazo 300 za hewa ya kaboni, pamoja na 60 za methani, zikikandamizwa na uzito wa maji ya juu. Mwaka 1986 Ziwa Nyos la Kamerun, lililo dogo sana kulinganishwa na Kivu, lilitapika hewa yake usiku mmoja, na watu zaidi ya 1,700 wakafa usingizini. Sasa kabari ya magma ilikuwa chini ya Kivu. Je, ingetokeza ndani ya mji, au ndani ya maji, au isitokeze? Rada ilisema ilipo. Haikuweza kusema itakakokwenda. Tarehe 27 Mei serikali iliamuru mitaa kumi ya Goma ihamwe, na watu wapatao 400,000 wakaondoka, wengi wakifuata njia ya Sake, ambako maji safi yalikuwa haba na mazuku yapo. Zaha haikuja. Mwezi wa Juni wakaanza kurudishwa.

Wako waliosema baadaye kwamba amri ile ilikuwa ya bure. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Ncha ya kabari ilikuwa chini ya nusu kilomita kutoka sakafu za nyumba zao, na hakuna hesabu iliyoweza kuonyesha kwamba itasimama hapo. Hatari iko katika namna watu wanavyoambiwa: wakiambiwa juu ya mlipuko unaokuja tu, mlipuko usipotokea msikilizaji huona kwamba ameongopewa. Wakiambiwa kwamba zaha imejipenyeza chini ya mitaa yao, na kwamba pengine itatoka na pengine haitatoka, hupata habari isiyokanushwa na yatakayofuata.

Tangu hapo kazi ya kupima imezidi kuwa ngumu. Kutoka mwaka 2022 vita viliwasukuma wakimbizi wengi hadi Kanyaruchinya, kaskazini ya Goma, ambako mahema yalisimikwa juu ya zaha iliyoganda, katika mteremko ambao mitiririko hupita, mpaka kambi hizo zilipovunjwa mwanzoni mwa mwaka 2025. Januari mwaka huo mji wenyewe ulitekwa na jeshi la M23. Kipokezi kinachosimikwa kwenye mwamba huhitaji mtu wa kukisafisha, kukitilia betri na kukilinda kisiibwe, na barabara ya kukifikia huhitaji amani. Setilaiti haihitaji barabara. Huendelea kupita juu ya Virunga kwa siku zake, ikiandika sentimita kwa sentimita ardhi inavyosogea.